MAONI: Beji ya klabu ya farasi si chuma kuukuu, hata kama ilikuwa ya mkoloni

Ukikwama kwenye msongamano wa Racecourse Road saa kumi na mbili jioni, huwa unaangalia nini? Simu, bila shaka. Hata mimi. Nimepita barabara hiyo miaka na miaka, kondakta akigonga bodi na mikokoteni ikipenya katikati ya magari, na sikuwahi kujiuliza barabara isiyo na hata punda mmoja mzuri ilipataje jina la uwanja wa farasi.

Jibu ni kwamba farasi walikuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Nairobi ikiwa bado mji wa mabati uliozuka kando ya reli, walowezi walianzisha klabu ya mbio za farasi iliyoitwa East African Turf Club. Uwanja wao ulikuwa upande wa Kariokor. Huko ndiko walikokutana kwa zile wiki za mbio: walowezi wanashuka kutoka Njoro, Gilgil na Naivasha, wanajaa hoteli ya Norfolk, na baada ya 1913 wanajaa pia klabu ya Muthaiga, wanakunywa, wanabeti, wanapigana viti, kisha wanarudi shambani na madeni. Mwaka wa 1954 mbio zikahamia Ngong Road, mahali ambapo wengi wenu mmefika kwa ajili ya tamasha au maonyesho ya magari ya Concours wala si farasi. Leo mbio zinasimamiwa na Jockey Club of Kenya. Uwanja wa zamani umemezwa na mji. Jina la Turf Club limebaki kwenye vitabu, na kwenye vipande vidogo vya chuma ambavyo ndivyo nataka tuviongelee leo.

Wauzaji huviita medali. Kusema kweli vingi ni beji za uanachama. Klabu za mbio za aina hii, iwe Uingereza, India au Australia, zilikuwa na mtindo mmoja: mwanachama akilipa ada yake ya mwaka anapewa beji ya shaba iliyopakwa enameli, yaani ile rangi ya kioo inayochomwa hadi ishikane na chuma. Ina herufi za klabu, mwaka na nambari. Juu ina tundu au pete ya kupitishia uzi, ili uifunge kwenye kifungo cha koti au kwenye kamba ya darubini. Mara nyingi rangi au umbo hubadilika kila mwaka, kusudi anayesimama langoni akujue kwa mbali bila kusoma chochote. Mke wa mwanachama hupewa yake, ndogo zaidi. Nyingi zilitengenezwa Birmingham, na ukigeuza nyuma utakuta jina la karakana limepigwa kwa herufi ndogo kama za mchwa.

Ya kwanza niliipata Gikomba. Nilikuwa nimeenda kutafuta viatu. Kando ya njia kulikuwa na mzee anayeuza bawaba, kufuli zisizo na funguo na funguo zisizo na kufuli, na mbele yake kopo la maziwa limejaa zile senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Ndani ya senti kulikuwa na kitu cha duara dufu, rangi ya samawati, kichwa cha farasi na nambari. Aliniambia shilingi 200. Tukaelewana 150. Nilikuwa na umri wa miaka 23, sijui Turf Club ni nini, nilipenda tu ile samawati.

Nikaipiga picha moja, nikaiweka mtandaoni. Ndani ya siku mbili mtu wa Uingereza akaniandikia. Alitaka kuinunua kwa pauni 60. Fanya hesabu: zaidi ya shilingi elfu tisa kwa kitu nilichonunua kwa bei ya chapati na maharagwe! Kodi yangu wakati huo ilikuwa elfu saba na nilikuwa na deni la mwezi mmoja. Niliiuza. Sitakudanganya kwamba nililia. Nililipa kodi, nikanunua unga, nikalala usingizi.

Kilichoniuma kilikuja baadaye. Simu yangu ilizama kwenye ndoo ya maji, picha ikaenda nayo, na siku nilipoketi kuanza kusoma kuhusu klabu hii niligundua kwamba sikumbuki nambari iliyokuwa kwenye ile beji. Sikumbuki mwaka. Sikumuuliza mzee kopo lilitoka nyumba gani, Karen au Nakuru au Limuru. Yule mnunuzi ana chuma na hana habari yake, na mimi, niliyekuwa mtu pekee ambaye angeweza kuuliza, nilikuwa nimeshughulika na kuhesabu pauni. Kuuza si dhambi. Lakini kuuza bila hata kuandika mstari mmoja kwenye daftari ni ujinga, na ujinga huo nilikuwa nao mimi, si mkoloni.

Ya pili niliipata mwaka uliofuata kwa mzee yuleyule, na hiyo sijaiuza. Nikaenda nayo nyumbani kwa shosho. Shosho wangu amepita miaka 85, macho yamechoka, kwa hiyo yeye hutazama vitu kwa vidole. Aliipapasa, akapitisha ukucha kwenye nambari, akagusa tundu la uzi, akauliza: "Hiki ni kipande cha nani?"

Nikamwambia si kipande, shosho, ni beji ya wazungu wa mbio za farasi.

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani hata wao walivalishwa kipande?"

Najua shuleni tulikariri kipande kama jibu la swali la mtihani, tukasahau kesho yake. Basi vumilia nikukumbushe kidogo. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, nambari, na historia ya kazi zake: nani alimwajiri, kwa mshahara gani, na kama aliruhusiwa kuondoka. Ukitoka kwa mwajiri bila sahihi yake, wewe ni mtoro na unaweza kufungwa. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kijaluba cha chuma, na kijaluba kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Iliendelea hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Sasa viweke viwili hivyo mezani. Chuma kwa chuma, nambari kwa nambari, uzi kwa uzi. Mji mmoja, miaka ileile. Kimoja kinamfungulia mtu lango aingie kwenye kivuli apewe kiti na kinywaji. Kingine kinamzuia mtu asitoke shambani. Na langoni pale Kariokor huenda vilikutana: aliyesimama kukagua beji ya mgeni alikuwa na chake ndani ya shati. Vitabu vya historia nilivyosomeshwa havikuwahi kunionyesha hilo. Alinionyesha mama mzee asiyeona vizuri, kwa kidole, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwepo mkononi mwake. Kingekuwa kimeyeyushwa, mazungumzo yale yasingekuwepo.

Nilimuuliza kipande cha baba yake kiko wapi. Akasema siku waliyoambiwa havihitajiki tena, baba yake alienda moja kwa moja akakitupa chooni, na aliporudi alinawa mikono mara mbili. Siwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, labda na kutema mate juu. Ila sasa hali yangu ndiyo hii: nina beji ya mzungu ambaye jina lake silijui, na sina kipande cha babu wa damu yangu ambaye jina lake ndilo ninalotumia.

Nina beshte mmoja, tunabishana naye kila wikendi. Yeye anasema upuuzi wote huu utupwe. Anasema kijana Mwafrika anayekusanya beji za klabu ambayo isingemruhusu hata kukaa jukwaani ni sawa na mtu anayekusanya picha za aliyemwibia. "Yeyusha hiyo kitu," ananiambia, "utengeneze kitasa." Hoja yake ina uzito na sitaki kuipita haraka. Kuna watu hapa Nairobi wanaokusanya vitu vya zama zile kwa sababu wanatamani zama zile. Utawakuta wakisimulia wiki za mbio, champeni na magauni kana kwamba nchi nzima ilikuwa karamu. Wanamjua Beryl Markham, mwanamke aliyepata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado msichana wa karibu miaka 18 na aliyevuka Atlantiki kwa ndege peke yake mwaka wa 1936 kutoka mashariki kwenda magharibi, na ni haki wamjue, kwa maana yule mama alikuwa moto. Lakini waulize kuhusu arap Ruta, aliyekua naye Njoro na kufanya kazi naye kwenye farasi na hata kwenye ndege zake. Kimya. Na yeye angalau ana bahati: jina lake liko kwenye kitabu chake Markham, kilichotoka mwaka wa 1942. Masaisi wengine, waliolala mazizini, waliowafuta farasi jasho alfajiri na kuwaongoza kwa hatamu hadi mstari wa kuanzia, hawana hata hilo.

Ndiyo maana nasema hoja ya beshte wangu inamalizia mahali pasipofaa. Tukiyeyusha beji, tunaowafuta ni akina nani? Yule mwanachama nambari 212 amekwisha kuandikwa: yuko kwenye orodha za klabu, kwenye magazeti ya enzi hizo, kwenye barua alizomwandikia shangazi yake Uingereza. Anayepotea ni mwingine, yule aliyekuwa nje ya beji, ambaye ushahidi pekee kwamba alizuiliwa langoni ni kuwepo kwa kitu kilichofungua lango.

Watu waliodharauliwa zaidi kwenye viwanja vyao wenyewe hawakuchagua kusahau. Mfano naoupenda ni Shanghai. Waingereza walijenga huko klabu ya farasi katikati kabisa ya mji, na kwa miaka mingi Mchina hakuweza kuwa mwanachama. Wakomunisti walipochukua nchi, uwanja ukageuzwa kuwa bustani na uwanja wa wananchi. Ila jengo la klabu la mwaka 1934, lile lenye mnara wa saa, hawakulibomoa. Leo ndimo mlimo Jumba la Makumbusho ya Historia ya Shanghai. Anayeingia leo haendi kumsujudia Mwingereza. Anaenda kusoma alivyoishi babu yake.

Na usiniambie kukusanya ni tabia ya wazungu. Unapomwambia mtu "tupatane Archives", unajua ndani ya jengo hilo mna nini? Mna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa nchi hii, aliyetumia maisha yake kununua vitabu, stempu, vinyago na nguo za Kiafrika ili visiondoke. Alikuwa mwanasiasa kwa muda mfupi na mkusanyaji hadi alipoaga dunia mwaka wa 1990. Ingia siku moja badala ya kungojea mtu hapo nje.

Serikali je? Sheria yetu ya makavazi ya mwaka 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Soma tena huo mwaka. 1895 ndio mwaka Uingereza ilipotutangaza kuwa eneo lake la ulinzi. Kwa hiyo zama zote za ukoloni, beji na kipande, ziko upande usiofaa wa kalenda. Hazipati ulinzi huo hivihivi tu. Beji yangu ya kwanza iliondoka nchini kwa bahasha ya kawaida na stempu, na hakuna aliyeuliza. Sisemi nilitaka kuzuiwa (kodi ilikuwa kodi). Nasema hakuna aliyeuliza.

Upande mwingine uko moto. Shaba ina bei. Mnakumbuka mwaka wa 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na nguzo za umeme? Marufuku yaliondolewa, biashara ikarudi, na mizani haijui tofauti ya bomba na historia. Familia inapohama, au mzee anapofariki na wajukuu wakagawana nyumba, kopo la vikorokoro ndilo la kwanza kwenda kwa mwenye mzani. Kilo ni kilo.

Sasa, kama umenisikiliza hadi hapa na mkono unakuwasha, nikupe machache niliyojifunza kwa hasara. Kwanza, usisugue. Najua mkono wa Mkenya ukiona shaba iliyofifia unataka majivu na ndimu kama wa sufuria ya sherehe. Acha. Asidi inakula chuma, nayo enameli ikishabanduka hairudi. Kitambaa kikavu kinatosha. Pili, usinunue kwa sababu inang'aa. Feki zipo. Beji ya zamani ilipigwa kwa muhuri, herufi zake zina makali, na rangi yake ni kioo: baridi, ngumu, ukucha hauipenyi. Feki humwagwa kwenye kalibu, herufi huvimba kama zimelowa, na rangi huwa ya plastiki, ukiibonyeza kwa sindano inakubali. Geuza nyuma. Nyuma hudanganya kidogo kuliko mbele.

Lakini kazi kubwa si hiyo ya chuma. Ni daftari. Andika nambari, mwaka, rangi, uzito kama una mizani ya jikoni, ulinunua wapi, siku gani, bei gani, na muuzaji alisema ilitoka wapi hata kama unahisi anakutunga. Piga picha pande zote mbili uzihifadhi mahali pawili, si kwenye simu inayopenda ndoo. Kisha ukiamua kuuza, uza. Mimi si mama yako, na najua ilivyo tarehe tano mwenye nyumba akibisha hodi. Habari zake zitabaki huku.

Na usikusanye upande mmoja. Hili ndilo langu, na hapa ndipo nawapoteza wakusanyaji wengi wa farasi ninaozungumza nao. Kando ya uwanja wa mbio palikuwa na kituo cha wapagazi wa vita, wale wa Carrier Corps, ambao jina lao tulilitamka kwa ulimi wetu likawa Kariokor. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Norfolk waliyolala wapenda mbio iko leo kwenye Harry Thuku Road, na jina hilo halikuwekwa kwa bahati: Machi 1922 watu walikusanyika karibu na hapo kudai Thuku aachiliwe, Thuku aliyepinga kipande miongoni mwa mengine, na polisi wakawamiminia risasi. Eldoret nako kuna wadi inaitwa Racecourse, katika eneo bunge la Kesses. Nenda kaulize wazee wa huko walifanya kazi gani uwanjani. Ukiwa na beji bila hayo, una kipambo. Ukiwa nayo pamoja na kijaluba cha kipande, senti yenye tundu na sauti ya shosho kwenye simu, hapo tunaweza kukaa chini tuongee.

Mimi bado natafuta kipande. Si cha kununua tu; nataka chenye karatasi ndani, chenye jina linalosomeka, na ikiwezekana chenye sahihi ya mwajiri aliyefuga farasi. Shosho anasema kuna mjomba huko juu aliyekataa kukitupa cha babake, akakificha kwenye dari pamoja na risiti za kodi ya kichwa. Hajamwona tangu mazishi ya 2011. Amenipa jina la soko na rangi ya geti.

Yule mzee wa Gikomba naye alinipigia simu juzi. Amepata kopo jingine, kutoka nyumba inayobomolewa, na safari hii amekumbuka kuuliza ni wapi. Nilimwambia naja Jumamosi. Akasema sawa, ila bei imepanda, amesikia kuna mzungu anazitafuta.